Miaka Kumi Mbele ya Kamera: Hotuba kuhusu Steven Kanumba

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa sanaa za maonyesho, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wazee wa sanaa mliotuheshimu kwa kufika kwenu, na ninyi vijana ambao ndio hasa niliokuja kuzungumza nanyi,

Nimeombwa niseme juu ya maisha na kifo cha mwigizaji wetu wa filamu, Steven Charles Kanumba, nami nimekubali kwa sharti nililojiwekea mwenyewe, kwamba maisha yapate muda mrefu kuliko kifo. Kwa miaka mingi tumefanya kinyume. Litaje jina lake kibarazani, saluni au ndani ya daladala, na kabla hujamaliza sentensi mazungumzo yatakuwa yamefika Sinza, Dar es Salaam, usiku aliofariki, wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, na kila mmoja atakuwa na la kueleza kuhusu chumba ambacho hakuingia. Lakini uliza watu hao hao alijifunzia wapi kazi, nani walimkalisha chini wakamrekebisha, au uigizaji wake ulibadilika vipi tangu tamthilia ya kwanza hadi filamu ya mwisho, na utaona kimya kinatanda. Jambo hilo linaniuma sana. Kijana yule alifanya kazi kwa miaka kumi, na sisi tumeshika usiku mmoja.

Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Naomba muutafakari mwaka huo, kwa sababu mtoto aliyezaliwa Tanzania Bara wakati ule alizaliwa mahali pasipo na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, ila Bara tulisubiri hadi mwaka 1994, CTN na ITV zilipoanza kurusha matangazo, na hata hapo matangazo yalianzia Dar es Salaam, mbali na mji wake. Kwa hiyo mtu ambaye baadaye sura yake ingejulikana kuanzia Kariakoo hadi Bukavu alifikisha miaka kumi kabla nchi yake haijawa na kioo cha kumwonyesha. Maigizo aliyokua nayo yalikuwa ya redio, ya shule na ya kanisani, na ni kanisani alikoanzia yeye mwenyewe kuigiza. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi, kisha Mwadui, mahali panapojulikana zaidi kwa almasi, na baadaye akaja kuendelea na masomo Dar es Salaam.

Nawaeleza haya kwa sababu za kikazi. Mwigizaji aliyelelewa na jukwaa la kanisa amezoea kumfikia mtu aliyekaa benchi la mwisho: sauti anaitoa kifuani, mkono anaunyanyua hadi juu, hasira anaionyesha kwa mwili mzima. Kamera haihitaji hayo. Kamera iko hatua mbili kutoka usoni, na inanasa hata jicho linaposita. Kwa maoni yangu, safari nzima ya Kanumba kama mwigizaji ilikuwa safari ya kutoka kwenye sauti ile kubwa kuelekea kwenye utulivu, na hakuifikisha mwisho. Zipo kazi zake ambamo bado anapaza sauti pale ambapo kunong'ona kungetosha, na zipo nyingine, hasa za miaka ya mwisho, ambamo anakaa kimya mbele ya mwenzake na ukimya wake unabeba onyesho lote.

Mwaka 2002 alijiunga na Kaole Sanaa Group. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wenu mmezaliwa wakati Kaole imekwisha kuwa hadithi ya wazazi, na bila Kaole hatuwezi kumwelewa. Lilikuwa kundi la Dar es Salaam ambalo michezo yake ilirushwa na ITV, na katika miaka ile televisheni ilikuwa bado chombo cha watu wengi kwa pamoja. Nyumba yenye seti ilikuwa na wageni kila jioni ya mchezo, watoto wakikaa sakafuni, watu wazima kwenye viti, na majirani wengine wakisimama dirishani. Tamthilia kama Jahazi na Dira, ambazo Kanumba alishiriki, hazikutazamwa na mtu mmoja mmoja kwenye simu yake. Zilitazamwa na ukumbi uliojaa, ulioguna, uliotukana wabaya na kuwashauri wema. Mwigizaji wa Kaole aliyepita mtaani siku ya pili yake aliambiwa papo hapo alichokosea.

Kundi lile lilikuwa na wazee. Alikuwapo Mzee Kipara, alikuwapo Bi Mwenda, alikuwapo Mzee Jengua, watu ambao hawakuhitaji kufanya jambo lolote kubwa ili watazamaji wawaamini. Walikuwapo pia vijana wa rika la Kanumba ambao wangekuja kuwa majina makubwa, kina Vincent Kigosi tuliyemwita Ray, Blandina Chagula tuliyemwita Johari, na Mahsein Awadh, yaani Dr. Cheni. Mtaona kwamba wengi wa Kaole tuliwajua kwa majina ya kuigizia, hata leo ukitaja jina la hati ya kuzaliwa ya baadhi yao hutaeleweka. Kanumba alibaki na jina la baba yake. Alilichukua jina la ukoo kutoka Shinyanga akaliweka juu ya kava la filamu.

Namna walivyofanya kazi ndiyo iliyomjenga. Mara nyingi mwigizaji hakupewa maneno yaliyoandikwa mstari kwa mstari. Alipewa kisa na mtiririko wake, akaambiwa katika onyesho hili wewe unamdai mwenzako fedha naye hana, basi tafuteni maneno. Wapo wanaodharau utaratibu huo kwa kuwa haukuwa na muswada kamili, na kweli ulikuwa na udhaifu wake, kwani maonyesho yalirefuka na watu walijirudia. Lakini ulimfundisha kijana kitu ambacho nahangaika kukifundisha hapa kwa mihula miwili, yaani kumsikiliza mwenzake. Mtu asiyejua mwenzake atasema nini hana budi kusikiliza. Ukikaa miaka kadhaa ukitunga maneno papo kwa papo ukiwa na Bi Mwenda mbele yako, utajifunza kusikiliza au utafukuzwa na watazamaji wenyewe.

Malipo yalikuwa posho ndogo, na kila aliyepita pale anajua hivyo. Umaarufu ulikuwa mkubwa kuliko nauli ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana, mara baada ya kamera za kidijitali kushuka bei mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mara baada ya wafanyabiashara wa Kariakoo kuona jinsi filamu za Nigeria zinavyouzika, vijana wa makundi ya televisheni ndio waliokuwa tayari: walikuwa na sura zinazojulikana, walijua kufanya kazi haraka, na walijuana. Bongo Movie, kama tulivyokuja kuiita, ilizaliwa na waigizaji wa televisheni waliohamia kwenye kanda na baadaye kwenye diski. Kanumba alikuwamo katika filamu ya Johari ya mwaka 2006 pamoja na Kigosi na Chagula, na mwaka 2008 ikatoka Oprah, aliyocheza na Kigosi na Irene Uwoya, ambayo hadi leo watu wazima wanaikumbuka kwa namna ilivyouzwa na kuzungumzwa mitaani.

Kutoka hapo kasi yake ilikuwa ya kutisha. Alicheza makumi ya filamu, akaandika, akaongoza, akafungua kampuni yake aliyoiita Kanumba The Great Film. Filamu moja ilirekodiwa kwa siku chache, wiki moja au mbili, katika nyumba ya kuazima, kisha ikakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili. Mimi si shabiki wa utaratibu huo, na nadhani uliwanyima waigizaji wetu muda wa kufikiri. Hata hivyo nawaomba mfikirie mtu anayebeba wajibu wa muswada, wa fedha, wa chakula cha wenzake na wa nafasi kuu mbele ya kamera, wote kwa siku hiyo hiyo, na anafanya hivyo mfululizo kwa miaka, akiwa hajafikisha thelathini. Waliokuwa wakimwona kwenye kava amevaa suti hawakuona hayo.

Mambo mawili katika miaka hiyo nayaona kuwa yake hasa. La kwanza ni kwamba aliangalia nje ya mipaka mapema. Alitafuta kufanya kazi na Wanigeria wakati ambapo wengi wetu tulikuwa tunawatazama tu, na mwaka 2011 akatoa Devil Kingdom, akiwa na Ramsey Nouah, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Lagos. Filamu zake zilisafiri pia kwenye njia ambazo hakuna aliyezipanga, ndani ya mizigo ya wafanyabiashara waliovuka Ziwa Tanganyika na mipaka ya nchi kavu, zikatazamwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo, mahali ambapo Kiswahili chake kilipokewa kama cha mtu wa nyumbani. Tamaa yake ya kufika mbali ilimgharimu. Alipoingia kama mgeni katika jumba la Big Brother Africa na kuzungumza Kiingereza cha kujikongoja, alichekwa na nchi nzima, magazetini na mitaani, na waliomcheka walikuwa Watanzania wenzake, wengi wao wakiwa hawana Kiingereza kizuri kuliko chake. Alivumilia. Aliendelea kujifunza hadharani, mbele ya watu wale wale, na aliendelea kuomba kazi nje. Nalitaja jambo hili kwa sababu wapo kati yenu wanaoogopa kufungua mdomo darasani kwa hofu ya kuchekwa na watu ishirini.

La pili ni watoto. Katika filamu kama Uncle JJ na This Is It aliwapa watoto nafasi ambayo filamu zetu hazikuwa zimezoea kuwapa, nafasi za kubeba kisa badala ya kupita na trei ya juisi. Kuigiza na mtoto ni mtihani mgumu, maana mtoto hadanganyiki: ukijifanya kumpenda ataonekana usoni kwamba haamini. Tazameni jinsi anavyoinama ili macho yake yalingane na ya mtoto kabla hajaanza kusema, na jinsi anavyomwachia mtoto amalize. Hapo namwona mwanafunzi wa Kaole akimfanyia mdogo wake kile ambacho wazee walimfanyia yeye.

Sasa niseme juu ya kifo, kwa kifupi. Alifariki nyumbani kwake Sinza, alfajiri ya Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012, katikati ya sikukuu ya Pasaka, akiwa na umri wa miaka 28 na karibu miezi mitatu. Madaktari wa Muhimbili walieleza juu ya mtikisiko wa ubongo. Shauri lilifika Mahakama Kuu, na mwezi Novemba mwaka 2017 mahakama ilitoa hukumu ya kuua bila kukusudia na kifungo cha miaka miwili. Mhusika alikuwa binti mdogo sana wakati wa tukio, alihukumiwa kwa mujibu wa sheria na ametumikia adhabu yake, na mimi sitamtaja jina wala sitamwongezea adhabu nyingine kwa mdomo wangu.

Alizikwa Jumanne ya tarehe 10 katika makaburi ya Kinondoni, baada ya kuagwa katika viwanja vya Leaders. Walifika makumi ya maelfu ya watu, Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal akiwamo, na Rais Jakaya Kikwete alikuwa amefika nyumbani Sinza kutoa pole. Watu walizirai. Shughuli ya kumuaga ilibidi ikatizwe kwa sababu ya msongamano. Kwa mwigizaji, nchi yetu haikuwa imewahi kuona msiba wa namna ile, na nadhani hata serikali ilishangaa, kwa kuwa sanaa ambayo haikuwa na nafasi kubwa katika mipango ya nchi ilionekana siku ile kuwa na wananchi wake. Mwaka ule ulikuwa mzito kwetu tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee Kipara alikuwa ametangulia mwezi Januari. Novemba tukampoteza Hussein Mkiety, Sharo Milionea, kwa ajali ya gari huko Muheza, naye alikuwa kijana. Siku ya pili ya mwaka 2013 akafuata Juma Kilowoko, Sajuki, baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Watu husema kwamba mwigizaji anayekufa kijana hubaki kijana milele. Mimi siipokei faraja hiyo. Katika kazi yetu, uzee ni mali. Amri Athumani, King Majuto, alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 70, na kila mwaka uliomwongezea mkunjo usoni ulimwongezea kitu cha kuchekesha nacho. Mzee Kipara hakuwa na haja ya kupandisha sauti kwa sababu umri ulikuwa umekwisha kusema kabla yake. Kanumba alikuwa amecheza mchumba, mume, tajiri kijana, mchungaji, mjomba. Hakucheza baba wa mtu mzima. Hakucheza babu, wala mzee anayeombwa radhi na mwanawe na kushindwa kuitikia. Zile nafasi ambazo angezifikia akiwa na miaka hamsini, sauti ikiwa imeshuka na mikono imetulia, ndizo hasa tulizozizika naye Kinondoni, na hakuna diski itakayotuonyesha. Leo angekuwa kwenye miaka ya arobaini, umri ambao wanaume wengi wanaoigiza ndipo wanaanza kuwa wazuri.

Kuna jambo jingine ambalo waombolezaji wa Leaders hawakulifikiria, nalo ni karatasi. Katika soko la filamu la miaka ile, desturi ilikuwa mtayarishaji kumuuzia msambazaji masta, yaani nakala mama ya filamu, pamoja na haki zote kwa malipo ya mara moja. Fedha ilipokwisha kutumika, filamu ilikuwa ya mtu mwingine, iuze nakala elfu moja au laki moja, ionyeshwe leo au baada ya miaka thelathini. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, maana yake muswada alioutunga mtu aliyefariki mwaka 2012 unalindwa hadi mwaka 2062. Lakini sheria humlinda mtu kwa kile alichobaki nacho. Aliyekwisha kuuza kila kitu kwa sahihi moja hawaachii warithi wake chochote cha kulindwa. Sizungumzii mikataba ya Kanumba, maana si yangu kuifungua. Nazungumzia ile ambayo baadhi yenu mmekwisha kuanza kuletewa, mnaisaini juu ya bodaboda, hamjasoma ukurasa wa pili.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu mambo yamegeuka. Soko la diski limekufa. Limemalizwa na wizi wa kazi, na simu, na intaneti, ingawa mitaani wanasema lilikufa na Kanumba. Waigizaji wamerudi televisheni, kule kule alikoanzia. Maisha Magic Bongo na Azam zinanunua tamthilia, zinalipa vizuri zaidi kuliko ITV ya wakati wa Kaole ilivyoweza, na mwigizaji kijana anaonekana nyumbani kwa watu mara kadhaa kwa wiki. Ni jambo jema. Lakini swali la nani anamiliki kile kilichorekodiwa limerudi pamoja nalo, na kijana wa leo anaweza kufanya kazi miaka kumi, akajulikana nchi tano, na kuondoka bila kumiliki hata dakika moja ya uso wake mwenyewe.

Na kanda zenyewe zinakufa. Filamu nyingi za miaka ile zilirekodiwa kwenye kanda za MiniDV, ambazo joto na unyevu wa pwani huziharibu polepole, na nakala zilizouzwa zilikuwa VCD na DVD za bei nafuu ambazo sasa zimechubuka hazisomeki. Zinazopatikana mtandaoni nyingi ni nakala ya nakala, picha imefifia, sauti inapasuka, majina ya walioshiriki yamekatwa mwishoni. Kwa tamthilia za Kaole hali ni mbaya zaidi. Mtafiti atakayetaka kuandika juu ya uigizaji wa Kanumba wa mwaka 2003 atapata tabu kuliko yule anayetaka kuandika juu ya mwaka 2011, na mwanafunzi anayetaka kuona alivyobadilika hana pa kuanzia.

Kwa hiyo, pamoja na walimu wenzangu, tumekubaliana juu ya kazi ya muhula huu. Kila kundi la wanafunzi litakwenda nyumbani, kwa wajomba na mashangazi, kwenye makabati na maboksi ya chini ya kitanda, na kutafuta kanda au diski yoyote ya Kaole au ya Bongo Movie ya kabla ya mwaka 2012. Msinunue za mitaani zilizochapwa upya. Mkipata, andikeni jina la mwenye nayo na ruhusa yake, ileteni hapa, fundi atainakili kwa uangalifu na kuirudisha kwa mwenyewe, na nakala itakaa maktaba kwa ajili ya masomo tu, haitapandishwa mtandaoni. Kisha kila mmoja atachagua onyesho moja la Kanumba akiwa kijana wa Kaole, kama litapatikana, na moja la miaka yake ya mwisho, ayatazame yote mawili mara ya kwanza akiwa amezima sauti, na aniandikie kurasa nne juu ya alichokiona usoni na mikononi. Neno moja kuhusu usiku wa Sinza likiingia katika kurasa hizo, nitazirudisha.

Wazee wawili waliowahi kufanya kazi na kundi lile wamekubali kukaa nasi baada ya mapumziko ya chai ili tuwaulize jinsi mazoezi yalivyokuwa yakiendeshwa. Mwenye swali aanze kuliandika sasa, na wa mbele wawapishe viti.